Balozi wa Marekani namjua, balozi wangu simjui

KATIKA jiji hili kuna mambo yanaudhi. La kwanza ni konda wa daladala anayekwambia "sogea nyuma, nyuma kuna nafasi", wakati huko nyuma kuna mtu amesimama kwa mguu mmoja na wa pili hajui ameuacha wapi. La pili ni abiria anayesoma meseji kwenye simu yako akiwa amekuinamia begani, halafu ukichelewa kujibu anaguna. La tatu ni muuza duka anayekurudishia pipi badala ya chenji, lakini ukimpelekea pipi kununulia sukari anakuona mwendawazimu.

La nne, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu wiki hii, ni mtu anayejua siasa za Marekani kuliko za mtaani kwake. Hawa wamejaa kila kijiwe. Hajawahi kuvuka Chalinze, lakini Pennsylvania anaitamka kama shangazi yake ameolewa huko.

Tatizo, msomaji wangu, mmoja wao ni mimi.

Usicheke kwanza, sikiliza kisa. Kijiwe chetu kiko chini ya mwarobaini, jirani na muuza kahawa. Usiniulize mtaa gani, maana mwenyekiti naye anasoma magazeti. Hapo kijiweni tuna mshikaji tunamwita Profesa. Chuo hajakiona hata kwa dirishani, ila redio ya mbao haimpiti. Mwaka 2024, Kamala Harris na Donald Trump walipokuwa wakitoana jasho, Profesa alitugeuza wote kuwa wanafunzi. Ndiye aliyetufundisha kwamba Mmarekani hamchagui rais moja kwa moja kama sisi. Kila jimbo lina kura zake za wajumbe, jumla yake 538, na anayefikisha 270 ndiye anayeingia Ikulu yao. Karibu majimbo yote, ukimzidi mwenzako hata kwa kura moja unabeba wajumbe wote. Ni Maine na Nebraska tu ndio wanaogawana. Pennsylvania ilikuwa na 19, na Profesa akasema atakayeichukua hiyo, kwisha habari.

Alitusimulia na la mwaka 2000. George W. Bush alimpita Al Gore kule Florida kwa kura 537, kati ya karibu milioni sita zilizopigwa. Nyingine zilibishaniwa kwa sababu karatasi hazikutoboka sawasawa. Mawakili wakavutana zaidi ya mwezi, hadi Mahakama ya Juu ilipokata mzizi wa fitina Desemba 12 na kusimamisha kuhesabu upya. Huku nchi nzima Gore alikuwa amemzidi mwenzake kwa zaidi ya kura nusu milioni! Mwaka 2016 Hillary Clinton naye akamzidi Trump kwa karibu milioni tatu, na bado akarudi nyumbani.

Hao ndio waliokuwa wakitufadhilia semina za demokrasia mahotelini, chai na sambusa juu yao. Wazee wa kijiweni wanakumbuka uchaguzi wa 1995, wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Vifaa vilichelewa, kasheshe likawa kubwa, na Dar es Salaam nzima ikarudia kupiga kura. Wanasema heri yetu sisi tuliorudia.

Basi bwana, ikafika usiku wa Novemba 5. Tulikuwa kama kumi na wawili kwenye banda la video, lile la kuangalizia mpira, kila mtu na kahawa yake. Pennsylvania wanafunga vituo saa mbili usiku kwao, na kwetu hiyo ni saa kumi alfajiri. Usingizi tuliufukuza kwa kelele. Jimbo likitangazwa, huyu anaruka, yule anashika kichwa. Mimi nilimwekea Harris chipsi mayai na soda.

Kwenye saa kumi na moja hivi akatokea bibi mmoja wa pale mtaani, yule anayekaanga vitumbua. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, mikono ina unga.

"Wanangu," akasema, "nina mjukuu ana homa, ndiyo kwanza kapata usingizi. Hao mnaowapigia kelele wanawajua?"

"Samahani bibi," Profesa akamjibu bila kugeuza shingo, "lakini hii ni dunia nzima hii."

Bibi akatutazama, akaondoka zake. Kelele tulizipunguza kwa dakika tano.

Saa nne na nusu asubuhi Trump akapanda jukwaani Florida kujitangaza mshindi. Hesabu ilipokamilika alikuwa na 312, Harris 226. Mimi nikalipa chipsi mayai ya watu, nikaenda kulala nikiwa na huzuni ya kweli. Ungedhani mgombea mwenyewe ni dada yangu.

Sasa rudi nyuma kidogo. Mwezi ule wa Oktoba, kuanzia tarehe 11 hadi 20, kulikuwa na uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa. Gari la matangazo lilipita kwetu karibu kila siku: nendeni mkajiandikishe. Unajua sisi tulifanya nini? Tulikasirika. Lilikuwa linatukatisha mjadala, maana kwa kipaza sauti kile hata Profesa hasikiki. Kituo chenyewe kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye mwarobaini wetu. Sikwenda.

Uchaguzi ukafika Novemba 27, wiki tatu tu baada ya ule wa Marekani. Hapa kuna kitu cha kuchekesha. Mmarekani anapiga kura Jumanne, siku ya kazi, kwa sababu ya sheria ya mwaka 1845. Wakati huo wakulima walisafiri kwa farasi kwenda mjini. Jumapili walikuwa kanisani, Jumatano sokoni, basi Jumanne ikaonekana inafaa. Farasi wameshaisha barabarani, Jumanne imebaki, na mtu anapanga foleni huku akimwogopa bosi wake. Sisi Novemba 27 tulitangaziwa mapumziko nchi nzima ili kila mtu apate nafasi ya kwenda kituoni. Mimi nililala hadi saa sita, nikaamka kula ubwabwa.

Ni kweli uchaguzi wenyewe ulikuwa na maneno. Wapinzani walilalamika kwamba wagombea wao wengi wameenguliwa, na Profesa mpaka leo anasema yeye alisusa. Mimi siwezi kujificha nyuma ya hilo. Anayesusa ameamua. Mimi sikuamua kitu, nililala tu.

Mwanzoni mwa Desemba mjomba akanipigia simu. Kuna tajiri mmoja Kariakoo anatafuta kijana wa stoo, awe na cheti cha kidato cha nne, mshahara laki tatu. Laki tatu! Mimi ambaye tangu nimalize shule nalipwa kwa makala, tena mwezi ambao mhariri ameamka vizuri. Masharti yalikuwa matatu: nakala ya cheti, kitambulisho, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Viwe mezani keshokutwa kabla ya saa sita mchana.

Nikaenda ofisi ya mtaa mbio mbio. Mwenyekiti mpya alikuwa ndani, kiti bado kinanukia vanishi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Wewe ni mkazi wangu?"

"Ndiyo mzee, mwaka wa nne huu."

"Balozi wako nani?"

Naomba msomaji unielewe. Kichwa changu kwa miezi mitatu kilikuwa kimekula Marekani asubuhi, mchana na jioni. Mdomo ukatangulia akili.

"Michael Battle," nikajibu.

Huyo ndiye aliyekuwa balozi wa Marekani hapa nchini wakati ule.

Mtendaji aliyekuwa mezani alicheka hadi mhuri ukamtoka mkononi. Mwenyekiti hakucheka hata kidogo. "Kijana," akaniambia, "hapa hatuandiki barua kwa mtu tusiyemjua. Ukiharibu huko kazini, mimi ndiye nitakayeulizwa. Kalete karatasi ya balozi wako wa nyumba kumi, aseme anakujua."

Najua kuna mtaalamu atanirukia hapa. Ni kweli, nyumba kumi ni mambo ya enzi za chama kimoja, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 hao mabalozi ni wa chama, si wa serikali. Mweleze hayo mwenyekiti wangu. Mtaani kwetu, ukitaka mhuri, unaanza kwa balozi.

Nikazunguka mtaa mzima nauliza balozi ni nani. Kijiweni hawajui. Profesa akajaribu kubadilisha mada, akaanza habari za baraza la mawaziri la Trump. Aliyenisaidia ni mtoto wa miaka saba hivi, alikuwa anacheza gololi. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Si bibi wa vitumbua," akasema.

Nikaishiwa nguvu miguuni. Nikafika kwake, mlango una kufuli. Amekwenda msibani Kibaha, atarudi keshokutwa asubuhi.

Keshokutwa hiyo nilikaa mlangoni kwake tangu saa kumi na mbili. Alirudi saa nne, amechoka, macho mekundu kwa kilio. Nikampa shikamoo na pole ya msiba, nikamweleza shida yangu. Akaniangalia kwa muda.

"Wewe si wa kule bandani, usiku ule wa kelele?"

"Ndiye mimi bibi. Nisamehe."

"Wako alishinda?"

"Hapana bibi. Wangu alishindwa."

"Pole," akasema, na nadhani alimaanisha. Halafu akaingia ndani akatoka na daftari kubwa, la majalada magumu, ambalo kona zake zimeliwa na panya. Humo kuna kila nyumba yake na watu wake: nani amehamia, nani amezaa, nani amefiwa, nani anaugua. Akafungua ukurasa wa nyumba tunayopanga. Majirani zangu wote wapo kwa majina yao matatu matatu. Chini kabisa, kwa kalamu ya risasi, pameandikwa: "kijana wa chumba cha uani".

Basi. Kijana wa chumba cha uani. Miaka minne mizima.

Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Aliniuliza jina langu, akaliandika kwa peni, taratibu, kisha akaniandikia na karatasi yangu. Nikakimbia nayo ofisini, mhuri ukagongwa, nikatoa "hela ya wino" ambayo hairudi na risiti, nikadandia daladala. Konda akaniambia nisogee nyuma, nyuma kuna nafasi. Foleni ya siku hiyo sitaki kuikumbuka. Kariakoo nilifika saa saba kasoro robo, barua mkononi imelowa jasho. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, "Pole kijana, nafasi imeshapata mwenyewe."

Nilipomwambia Profesa, alijitetea. Alisema siasa za Marekani zinatuhusu, tusijidanganye. Na katika hilo hakukosea. Trump aliapishwa Januari 20, 2025, na siku hiyo hiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ilipofika Julai 1, USAID ikawa imefunga milango. Humu nchini kulikuwa na watu wanalipwa mshahara na miradi hiyo, na wengine wanapata dawa kwa fedha hizo. Kwa hiyo kura ya mkulima wa Pennsylvania inaweza kumfikia mtu wa Tandale. Sikatai.

Ila nikamuuliza Profesa: ile kura ya Pennsylvania, wewe au mimi tunaweza kuigusa? Tulikesha, tukapiga kelele, tukamwamsha mtoto mgonjwa, na haikusogea hata moja. Hii ya hapa, ya hatua mia mbili, ilikuwa inatusubiri siku kumi.

Tena kuna kitu Profesa hakutufundisha, nimekisoma mwenyewe baadaye. Karatasi ya kura ya Mmarekani haiishii kwa rais. Rais yuko juu, chini yake wabunge, na ukizidi kushuka, sehemu nyingi utakuta majaji, sherifu wa wilaya, hadi watu wa bodi ya shule anayosoma mtoto wake. Huko chini ndiko anakochagua watu atakaokutana nao sokoni. Sisi tulikesha kwa ajili ya mstari wa kwanza wa karatasi ya watu wengine, na ya kwetu hatukuishika kabisa.

Kazi ya stoo ndiyo hivyo tena. Mjomba hanipigii simu siku hizi, akinipigia ni kunisema. Kijiweni bado naenda, na Trump akitajwa bado nachangia, ugonjwa huu hauponi kwa siku moja. Lakini kila asubuhi napita kwa bibi, namwamkia, nanunua vitumbua vinne. Mjukuu wake alipona, sasa ananiita "anko Marekani", na mtaa mzima umelidaka jina hilo. Nastahili.

Kwa leo tuishie hapa, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Ila kabla hujageuza ukurasa kwenda kwenye nyota zako, nijibu haraka haraka, bila kumuuliza mtoto wa gololi: balozi wako nani?