KIDONDA CHA KINYWANI NACHO NI UGONJWA



Mtu akivunjika mkono kila mmoja humwona. Amefungwa plasta, na nyapara hawezi kumwambia ashike panga. Lakini mtu aliyepasuliwa kinywani hufunga mdomo wake, kidonda hakionekani, na kesho yake anaambiwa: "Jino si ugonjwa, rudi kazini." Kwa sababu hiyo inafaa tukielewe kidonda hicho, namna madaktari wanavyokifunika, na haki ya mwenye nacho.

Wenzetu wengi fizi zao zimerudi nyuma. Wengine husugua meno kwa nguvu mno, au kwa mkaa na unga wa matofali. Wengine wana ukoga uliokaa miaka mingi ukaleta ugonjwa wa fizi, na tumbaku huuzidisha. Mzizi wa jino hubaki wazi, na maji baridi yakipita mtu anaruka kwa maumivu.

Hapo daktari wa meno aweza kupandikiza ufizi. Hukata kipande chembamba cha nyama katika kaakaa, yaani paa la kinywa, akakishona pale ufizi ulipopungua. Kazi hii ilianza kuenea duniani katika miaka ya 1960. Lakini mgonjwa hutoka na vidonda viwili: pale palipopandikizwa, na pale nyama ilipotolewa. Mara nyingi hiki cha pili ndicho kinachouma zaidi, maana kimebaki wazi na kila tonge la posho linakigusa.

Bandeji ya kwanza ya kidonda hicho ni damu yako mwenyewe. Ikiganda hufunika nyama, huzuia damu nyingine, na chini yake mwili huanza kujenga ngozi mpya kutoka pembeni kuingia katikati. Madaktari hushona nyuzi kuishika damu hiyo mahali pake. Kisha zipo bandeji zilizotengenezwa kwa vitu vya mwilini, na hizi ni tatu tunazotaka mzijue.

Ya kwanza ni sponji ya kolajeni. Kolajeni ni ile kamba inayoshikanisha ngozi na mishipa ya mnyama. Sponji hunyonya damu, huisaidia kuganda, kisha huyeyuka yenyewe. Nyingi hutokana na ng'ombe, nyingine na nguruwe.

Ya pili ni utando mwembamba unaomzunguka mtoto tumboni mwa mama. Mama akishajifungua na kukubali kuutoa, hupimwa magonjwa na kusafishwa. Daktari Davis wa Marekani aliandika juu ya kufunika vidonda kwa utando huo tangu mwaka 1910.

Ya tatu hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Hutolewa damu kidogo mkononi, kama mililita 10 kwa chupa moja, ikazungushwa kwa mashine dakika kumi hivi. Damu hujitenga, na katikati hubaki kitu laini cha manjano kama jeli. Hicho hukandamizwa kikawa kipande na kushonwa juu ya kidonda. Njia hii aliieleza Daktari Choukroun wa Ufaransa mwaka 2001. Uchunguzi umeonyesha kwamba hupunguza maumivu ya siku za kwanza na kukifanya kidonda kifunge upesi zaidi.

Lakini hakuna muujiza. Kidonda cha kaakaa huchukua kama wiki mbili hadi nne kufunga, na hata bila bandeji hizi hupona kikitunzwa. Kwa hiyo usiogope kuuliza kabla ya kupasuliwa: Kitu hiki kimetoka wapi? Bei yake ni nini? Mwislamu ana haki ya kujua kama ni cha nguruwe, na Mhindu kama ni cha ng'ombe. Katika hospitali za serikali ada ya matibabu iliondolewa mwaka 2001, isipokuwa upande wa kulipia, lakini mara nyingi mgonjwa huambiwa akanunue vifaa nje. Bora kujua mapema.

Ukirudi nyumbani, fuata haya:

Usisukutue kwa nguvu wala kutema mate ovyo siku ya kwanza. Damu iliyoganda itang'oka. Usinyonye kwa mrija. Kula uji uliopoa, matoke laini na supu isiyo moto. Acha sigara na waragi. Usinunue aspirini kutuliza maumivu, maana huzidisha kutoka damu. Tumia dawa uliyoandikiwa. Usitie majani, ugoro wala udongo. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi kilicholoweshwa, dakika ishirini bila kuchungulia. Isipokoma, au ukipata homa, uvimbe unaokua au usaha, rudi hospitali.

Sasa habari ya kazi. Kubeba magunia na kuinama siku nzima huongeza nguvu ya damu, na kidonda huweza kufumuka. Vumbi la kiwandani na dawa za kunyunyizia shambani havifai karibu na kinywa kibichi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyemaliza mwezi mmoja kazini, akishindwa kazi kwa ugonjwa au kuumia, alipwe mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa kutokuwapo. Wajibu wako ni kumjulisha mwajiri mapema na kuonyesha cheti cha daktari ukiombwa. Haikusema ugonjwa wa mguu tu. Kinywa ni mwili.

Na kama kinywa kimeumizwa kazini, kwa mashine au kwa gogo, hiyo ni habari ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Toa taarifa siku ile ile, na mwambie mwakilishi wa chama.

Omba cheti kabla hujatoka kliniki, na kiandikwe siku ngapi za kupumzika. Nyapara akikataa, usigombane naye peke yako huku mdomo unavuja damu. Kilete cheti tawini, tukaongee pamoja. Umoja ni nguvu.