Kusubiri Ukurasa Uwe Tayari: Elimu kwa Watumiaji na Wajenzi wa Mifumo ya Mtandaoni

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Mwananchi wa Magoma wilayani Korogwe, au wa Mkata wilayani Handeni, anapojaza fomu ya mtandaoni kupitia simu yake, mara nyingi hutakiwa kuchagua mkoa, kisha wilaya, kisha halmashauri. Akishachagua Tanga, orodha ya wilaya huenda isijitokeze papo hapo. Kivinjari hulazimika kuiomba kutoka kwenye seva, na mtandao ukiwa dhaifu, jibu huchelewa.

Hapo ndipo makosa huanzia. Mkoa wa Tanga una wilaya 8 na halmashauri 11, kwa kuwa Handeni, Korogwe na Lushoto zina halmashauri mbili kila moja. Anayegusa orodha wakati bado inajipanga anaweza kuchagua Halmashauri ya Mji Korogwe ilhali biashara yake ipo katika Halmashauri ya Wilaya. Maombi yake yatapokelewa na ofisi isiyohusika, naye atasubiri jibu lisilokuja.

Ukurasa wa kisasa haufiki wote kwa mara moja. Kwanza hufika umbo lake, kisha picha, orodha na vitufe hufuata kwa nyakati tofauti. Kwa sababu hiyo, kitufe kinaweza kuonekana kwenye kioo cha simu kabla hakijawa tayari kupokea agizo.

Tatizo hilo huwakabili pia wataalamu wanaopima mifumo kabla haijatolewa kwa umma. Wao hutumia programu zinazoendesha kivinjari zenyewe: kufungua ukurasa, kujaza fomu na kubonyeza vitufe bila mkono wa mtu. Miongoni mwake ni Selenium, iliyoanza mwaka 2004 katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, na Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020. Mashine haina subira ya asili. Isipoelekezwa kusubiri, hutafuta kitufe ambacho bado hakijafika, na jaribio hushindwa ingawa mfumo wenyewe ni mzima.

Njia rahisi ya kuepuka hali hiyo ni kuiamuru programu isimame kwa muda maalumu, tuseme sekunde 5, kila hatua. Njia hiyo ina kasoro mbili. Jaribio lenye hatua 40 litapoteza sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20, hata pale ambapo kila kitu kilikuwa tayari mapema. Aidha, orodha ikihitaji sekunde 6 kufika, sekunde hizo 5 hazitakuwa zimesaidia kitu.

Njia iliyo bora ni kusubiri sharti litimie. Kwa kawaida Selenium, inapoelekezwa hivyo, hukagua kila nusu sekunde iwapo kinachotakiwa kimepatikana. Ikiwekewa ukomo wa sekunde 20 na orodha ikafika baada ya sekunde 2, huendelea hapo hapo. Ikifika baada ya sekunde 14, huendelea wakati huo. Ukomo ukipita, husimama na kutoa taarifa ya kosa.

Hata hivyo, sharti lenyewe lazima lichaguliwe kwa uangalifu, kwani kuwepo si sawa na kuwa tayari. Kabla ya kubonyeza kitufe, Playwright huhakikisha kwamba kitufe hicho kinaonekana, kimetulia mahali pake, kimeruhusiwa kutumika na hakijafunikwa na kitu kingine. Kwa fomu tuliyoitaja, mpimaji anapaswa kuongeza sharti moja zaidi: orodha iwe imekwisha kujaa, na majina ya Handeni na Korogwe yawemo.

Ipo tahadhari nyingine. Ukomo mrefu kupita kiasi huficha uzembe wa mfumo. Jaribio linalovumilia sekunde 60 litafaulu, lakini mwananchi mwenye kifurushi kidogo cha intaneti atakuwa amekwisha kukata tamaa. Mpimaji anayetumia mtandao wa kasi ofisini anashauriwa kurudia majaribio yake kwa mtandao uliopunguzwa kasi, jambo ambalo kivinjari kama Chrome huliwezesha, ili apime hali anayokutana nayo mtumiaji wa kijijini. Mjenzi naye anapaswa kufunga kitufe hadi orodha ijae, na kuweka ujumbe unaomweleza mtumiaji kwamba taarifa zinapakiwa.

Kwa upande wa wananchi, mambo manne yanafaa kuzingatiwa:

1. Usichague chochote wakati alama ya kusubiri bado inazunguka au orodha bado inasogea.

2. Baada ya kubonyeza kitufe cha kutuma, usikibonyeze tena kwa haraka. Katika mfumo usiokuwa na kinga, mibonyezo miwili huweza kuzalisha maombi mawili.

3. Ukurasa ukikwama, angalia kwanza kama maombi au kumbukumbu namba ya malipo imekwisha kutolewa, kabla ya kuanza upya.

4. Soma tena jina la halmashauri kabla ya kulipa. Hakikisha kama ni ya Mji au ya Wilaya.

Subira yenye kipimo humlinda mwananchi dhidi ya kosa, na humwonesha mjenzi wa mfumo mahali penye kasoro kabla mwananchi hajaumia.