Magunia Yaliyopotea Ndani ya Kompyuta

Katika kiwanda cha unga ninakohudumia umeme na mitambo, hapa Dar es Salaam, mhasibu na mama msimamizi wa kufungasha walikaribia kutoongea kwa sababu ya magunia. Zamu ikiisha, mama ana hesabu yake kwenye daftari. Mhasibu naye ana hesabu ya skrini, na ya skrini kila siku ilikuwa pungufu. Akaanza kuuliza magunia yanaishia wapi, na kiwandani swali kama hilo lina harufu ya wizi. Mama akanifuata karakana. "Fundi, hiyo kompyuta yenu ije isimame pale mkandani ihesabu na mimi."

Hakuna aliyeiba kitu. Juu ya mkanda kuna sensa: gunia likifika chini yake inawaka, likipita inazima. Programu mpya ya ripoti ilikuwa imeunganishwa na sensa hiyo, nayo ilichungulia kila baada ya sekunde tano kuona kama imewaka. Laini ya kufungasha ikichangamka, gunia linapita kila sekunde tatu. Yaliyopita katikati ya kuchungulia kumoja na kwingine programu haikuyaona, wala haikuwa na habari kwamba imekosa kitu.

Dawa yake ilikuwa kumwachia kazi anayeiweza. Ndani ya paneli kuna kompyuta ndogo inayoendesha laini, ambayo mafundi tunaiita PLC. Hiyo hukagua sensa zake mara nyingi ndani ya sekunde moja. Nikaipangia ihesabu yenyewe na kuweka jumla mahali pamoja, programu ije isome jumla tu. Hata programu ikichelewa dakika nzima, jumla inaisubiri palepale.

Wenye viwanda wengi niliokutana nao huamini kwamba shida ya mashine na programu ni kuunganisha: kebo, swichi, intaneti. Hayo ni mambo ya siku chache. Kinachokula muda ni kuhakikisha namba iliyotoka kwenye mashine inafika upande wa pili ikiwa na maana ileile, na hilo muuza kebo hakuuzii.

PLC zilianzia Marekani mwaka 1968, pale kitengo cha giaboksi cha General Motors kilipochoka na makabati yaliyojaa relei, ambayo kila mabadiliko ya gari yalilazimisha yafungwe waya upya. Dick Morley na wenzake wakatengeneza kifaa kilichoitwa Modicon 084. Kampuni hiyohiyo ya Modicon, mwaka 1979, ikatoa itifaki ya mazungumzo iitwayo Modbus, na kwa kuwa maelezo yake yako wazi kwa kila mtu, ikaenea kila kona. Leo ukifungua kasha la mita ya umeme ya kiwandani, genereta, au kifaa cha kupunguza mwendo wa mota, uwezekano mkubwa utaikuta humo.

Modbus ya waya mbili inafanya kazi kama mwalimu anayeita majina darasani. Mmoja tu ndiye anayeuliza, wengine hukaa kimya hadi waitwe kwa namba zao, na namba hizo zinaanzia 1 hadi 247. Hapo ndipo vituko vinapoanza. Mita mpya nyingi hutoka kwenye boksi zikiwa na namba 1. Ukifunga mbili bila kuzibadilisha, zote zinajibu kwa pamoja, na kinachorudi ni kelele. Kifaa kimoja kikifa, anayeuliza hukisubiri kila mzunguko mpaka akate tamaa, na taarifa za wengine wote zinachelewa ingawa wao ni wazima. Kebo ikilazwa sambamba na nyaya za mota kubwa, majibu yanaharibika njiani. Haya yote ni ya bisibisi na uvumilivu, na fundi yeyote makini anayatatua.

Yanayosumbua zaidi ni yale ambayo mawasiliano yako safi kabisa na namba ni ya uongo. Modbus hubeba vitu kwenye visanduku viitwavyo rejista, na rejista moja haiwezi kubeba namba inayozidi 65,535. Mita iliyosoma uniti 100,000 inalazimika kutumia rejista mbili: ya kwanza inasema 1, yaani 65,536 mara moja, na ya pili inasema 34,464. Ukijumlisha unapata 100,000 yako. Lakini watengenezaji hawakukubaliana rejista ipi itangulie. Programu ikizipanga kinyume, skrini itakuambia kiwanda kimetumia uniti 2,258,632,705. Kosa la ukubwa huo ni neema, maana kila mtu analiona. La kuogopa ni dogo: mita inayotuma joto likiwa limezidishwa kwa kumi, au geji ya boila inayotuma kwa psi huku programu ikisoma kwa bar. Namba hizo zinafanana na ukweli kiasi cha kukaa kwenye ripoti mwaka mzima.

Wazee wa vyombo vya kupimia walilifikiria jambo hili mapema kuliko watu wa kompyuta. Sensa zao hutuma kipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Kwa geji ya bar 0 hadi 10, miliampia 12 ni bar 5. Kwa nini wasianzie sifuri? Kwa sababu 4 inasema "mgandamizo hakuna", na sifuri inasema "waya umekatika". Mpaka leo naona huo ni ubunifu mzuri kuliko nusu ya programu nilizofungiwa.

Itifaki nyingine zilikuja, na kila kampuni kubwa ilitaka yake ishinde. Mabishano ya kutafuta kiwango kimoja cha kimataifa yaliishia kwa IEC 61158 ya mwaka 2000 kukubali aina nane kwa mpigo. Nafuu ya kweli ilitoka upande wa programu. OPC, iliyoanza 1996, iliziwezesha kompyuta za Windows kusoma PLC za kampuni mbalimbali kwa njia moja. Mrithi wake, OPC UA, haihitaji Windows, na namba inaweza kusafiri ikiwa na jina lake, kipimo chake, saa iliposomwa na alama ya kusema kama inaaminika. Kuna pia MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyotegemea setilaiti. Kifaa hakingoji kuulizwa, hutuma taarifa chenyewe, na hata huacha wosia: kikipotea ghafla, seva inawatangazia wengine. Kwa mji ambao umeme hukatika, huo wosia una kazi.

Saa nazo zisisahaulike. Umeme ukirudi, PLC yenye betri iliyochoka inaweza kuamini kwamba ni miaka ya nyuma, na ripoti ya zamu ikafuata tarehe hiyo ya uongo.

Kwa hiyo mtu akija kuniuzia mashine, swali langu la kwanza ni orodha ya rejista: namba ya kila rejista, kinachobebwa, kipimo, kizidisho, mpangilio wa namba kubwa. Naiomba kwa maandishi kabla ya malipo ya mwisho, kwa sababu baada ya malipo simu huwa hazipokelewi. Wapo wanaosema ni siri ya kampuni. Hao nawashauri mabosi wangu wasinunue kwao, na mara nyingine wananisikiliza.

Sasa kuna ombi jipya kutoka ofisini. Wameona namba kwenye simu zao, wamefurahi, wanataka na kitufe cha kuzima laini hukohuko kwenye simu. Modbus ya kawaida haina nenosiri. Inatii amri bila kuuliza imetoka kwa nani, na aliyefika kwenye waya anaweza kuandika kama anavyosoma. Virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa 2010, vilionyesha huko Natanz nchini Iran kwamba PLC inaweza kupewa amri za kuharibu mitambo huku skrini ikionyesha kila kitu ni shwari. Nimewawekea kifaa katikati kinachoruhusu kusoma tu. Laini inazimwa kwa kitufe chekundu kilicho ukutani, na anayekibonyeza ni mtu anayeona nani ameinama karibu na mkanda.