Senti Mbili kwa Neno

Machi 1953 jarida la Dime Western la Marekani lilichapa hadithi fupi iitwayo "Three-Ten to Yuma". Elmore Leonard aliyeiandika alilipwa senti mbili kwa neno, jumla dola 90. Leo jina hilo linajulikana kwa filamu mbili, ya 1957 na ya 2007. Hadithi yenyewe wameisoma wachache, nami nasema inazishinda filamu zote mbili.

Majarida ya kauboi kama Dime Western yalipigwa chapa kwenye karatasi rahisi iliyogeuka njano na kumeguka upesi. Western Story Magazine la New York lilianza 1919. Frederick Faust, maarufu kwa jina la Max Brand, alilijazia kurasa kwa majina kadhaa ya bandia, huku akiishi Florence, Italia. Alichokipenda kwa dhati ni ushairi. Farasi na bastola ndivyo vilivyomlisha.

Leonard naye alikuwa Detroit, ameajiriwa katika kampuni ya matangazo ya biashara. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaandika kabla ya kwenda kazini. Mandhari ya Arizona aliyachota katika jarida la Arizona Highways.

Tazama alivyoijenga hadithi yake. Askari Scallen anamlinda jambazi Jim Kidd katika chumba cha hoteli, mjini Contention, wakisubiri treni ya saa tisa na dakika kumi alasiri iende Yuma, kwenye gereza. Genge la Kidd liko nje. Sehemu kubwa ni mazungumzo ya hao wawili: jambazi anachokonoa, askari anajizuia, saa inakwenda. Filamu ziliongeza ukame, shamba na madeni. Leonard hakuvihitaji.

Si hadithi zote za majarida hayo zilikuwa hivyo. Nyingi zilirudia mkasa uleule, Waapache, wenyeji wa asili wa huko, wakifanywa maadui tu, na makauboi weusi wakiachwa nje kabisa, ingawa Nat Love, mmoja wao, alikwisha kuchapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1907. Huo ni uonevu, na uzuri wa hadithi chache hauufuti.

Lakini hizo chache zisomwe. Za Leonard zilikusanywa mwaka 2004 katika kitabu The Complete Western Stories of Elmore Leonard. Ukikipata, anza na ya Scallen na Kidd kabla hujaitazama filamu yoyote.