Ncha, Kina na Ugumu wa Shaba

Ugumu wa metali hupimwa kwa kuibonyeza. Gololi ya chuma au ncha ya almasi hukandamizwa juu yake kwa uzito unaojulikana, kishimo kinachobaki hupimwa, kisha uzito hugawanywa kwa eneo la kishimo hicho. Namba inayopatikana huchukuliwa kuwa sifa ya metali peke yake, kumbe imebeba pia umbo la ncha na kina ilichofikia.

Shaba huonyesha jambo hili waziwazi, nayo si ngeni kandokando ya Ziwa Mweru. Makinikia ya shaba ya mgodi wa Dikulushi, kaskazini ya Kilwa katika eneo la Katanga, Kongo, yaliwahi kuvushwa ziwa kwa tishari kuja upande wa Zambia. Wafuaji wa Katanga walijua tangu zamani kwamba shaba ikigongwa sana inakakamaa, na hairudii ulaini wake mpaka ipashwe moto. Ujuzi huo wa nyundo ndio ufunguo wa habari yote ya kina.

Umbo la ncha ndilo la kwanza kuangaliwa. Mwaka 1900 Johan August Brinell wa Sweden alitumia gololi ya milimita 10. Gololi ikizama kidogo hugusa kwa sehemu iliyo karibu bapa. Ikizama zaidi, kuta za kishimo huwa wima zaidi na metali husumbuliwa zaidi. Kwa hiyo kipande kilekile hutoa namba tofauti uzito unapobadilika. Dawa yake ni kulinda uwiano wa uzito na mraba wa kipenyo: kwa shaba, gololi ya milimita 10 ikibeba kilo 1000, ile ya milimita 5 hubeba kilo 250.

Piramidi ya almasi iliyobuniwa mwaka 1921 katika kampuni ya Vickers, Uingereza, yenye pembe ya digrii 136 kati ya nyuso zinazoelekeana, iliondoa tatizo hilo. Kishimo chake kikubwa na kidogo hufanana umbo, basi kina hakipaswi kubadilisha jibu. Karakanani ni kweli: kwenye shaba iliyolainishwa kwa moto, kilo 1 huacha kishimo cha kina cha mikrometa 27 hivi, na uzito ukiongezwa namba haitikisiki sana.

Chini ya mikrometa chache mambo hugeuka. Ncha inapoingia, mpangilio wa atomi hukatikakatika kwa mistari ya dosari. Kishimo kidogo kina mteremko uleule wa kikubwa, ila dosari zinazohitajika kuutengeneza hubanana katika nafasi finyu zaidi, zinazuiana, na metali inakakamaa kama iliyogongwa nyundo. Watafiti William Nix na Huajian Gao walieleza hivyo mwaka 1998, wakionyesha kwamba mraba wa ugumu huongezeka sawia na kinyume cha kina. Katika fuwele moja ya shaba waliyoichambua, ugumu kwenye kina cha mikrometa 0.2 hufika takriban mara tatu ya ule wa kina kikubwa. Katika shaba iliyokwisha kukakamazwa ongezeko halifiki hata mara mbili, kwa kuwa dosari zilikuwa zimejaa tangu awali. Ncha kali zaidi huzidisha athari hii. Kwa gololi ndogo sana, kinachotawala ni nusu kipenyo chake, wala si kina.

Vipimo vya kina kidogo namna hiyo hutumia piramidi ya Berkovich yenye nyuso tatu, kwa sababu nyuso tatu hukutana kwenye nukta moja bila shida, ilhali nne mara nyingi huishia kwenye ukingo mfupi. Hata hivyo hakuna almasi iliyochongoka kikamilifu. Kwenye makumi ya nanometa, kilele chake hufanya kazi kama gololi, na maabara makini huikagua ncha kwanza kwa kioo cha kwazi. Shaba iliyokakamaa huleta kosa jingine: huvimba kuzunguka kishimo, eneo linalokadiriwa kutokana na kina huwa dogo kuliko la kweli, na ugumu huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Ndiyo maana kipimo kamili huandikwa kama 50 HV 1, yaani ugumu wa 50 kwa piramidi ya Vickers chini ya kilo 1. Namba isiyotaja ncha wala uzito haifai kulinganisha vipande viwili vya shaba.