Asubuhi Moja Hanoi: Mzigo wa Mama na Shule ya Mtoto

Wamama wapenzi, juma hili vaeni viatu vya kutembea, twende mbali kidogo. Tulikuwa walimu wawili kutoka Bukavu, tulioalikwa Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, kwa mkutano wa walimu wa Kifaransa. Kazi ilianza saa tatu na nusu. Lakini mwanamke aliyezoea kuamka saa kumi na moja kuwasha makaa hawezi kulala mpaka jua lipande. Tukatoka nje kungali na giza.

Tulianzia ziwa la Hoan Kiem, katikati ya mji. Tulidhani tutakuta kimya, tukakuta wamama! Wamejipanga mistari, muziki unalia, mikono juu, mikono chini. Wengi wao walikuwa nyanya wenye mvi. Hakuna aliyewacheka wala kuwauliza kama hawana kazi nyumbani. Mmoja alituita kwa mkono, tukasimama nyuma ya mstari na kukosea kila hatua.

Hoan Kiem maana yake ni upanga uliorudishwa. Wanasimulia kwamba Le Loi, aliyewashinda Wachina akawa mfalme mwaka 1428, alipigana kwa upanga wa ajabu, na baada ya vita kobe wa ziwa hili akautaka urudi. Kobe aliupokea akazama nao. Kuna daraja jekundu la mbao linaloingia kwenye hekalu dogo ndani ya maji, na jua la kwanza hulipiga vizuri sana.

Kutoka ziwani tulipanda kaskazini, kwenye mitaa ya zamani. Hapo jina la mtaa linakwambia kilichouzwa tangu zamani: Hang Bac ni bidhaa za fedha, Hang Duong ni sukari. Pikipiki ni nyingi kuliko tulivyowahi kuona. Ukivuka barabara, usikimbie wala usirudi nyuma. Tembea polepole, nazo zitakuzunguka.

Kwenye kona moja tulinunua wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba, juu yake vitunguu vya kukaanga. Ni kifungua kinywa cha watu wengi pale, na kinashibisha. Tukiwa tunakula, akapita mama mwenye mti wa mwanzi begani, kikapu cha mananasi mbele, kingine nyuma. Aliviweka chini apumzike. Tulinunua nanasi, kisha kwa ishara tukaomba kujaribu mzigo wake. Mmoja wetu aliinama, akainua, vikapu vikayumba, akarudisha chini haraka. Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akainua mwenyewe, akaondoka kwa hatua fupi za haraka.

Sisi hatukucheka muda mrefu. Siku iliyotangulia tulikuwa tumeingia Makumbusho ya Wanawake, ambapo sehemu moja inaeleza maisha ya wauzaji hawa. Wengi hutoka vijijini, hupanga chumba kimoja watu kadhaa, huamka usiku kununua mali, na fedha huzituma nyumbani. Sababu inayorudi tena na tena ni ile tunayoijua: shule ya watoto. Na mmoja wetu alisomeshwa na mama aliyebeba magunia pale Bukavu, kamba kwenye paji la uso, kutoka bandarini mpaka sokoni. Kwa wengine mwanzi huo ulikuwa kitu cha kupiga picha. Yeye aliona minerval yake.

Tukateremka mpaka daraja la Long Bien, lililojengwa na Wafaransa na kufunguliwa mwaka 1902 juu ya Mto Mwekundu. Ndege za Marekani zililipiga mabomu mara nyingi wakati wa vita, nao wakalitengeneza kila mara. Treni bado inapita juu yake. Karibu yake kuna soko kubwa la matunda na mboga linalochangamka usiku wa manane. Saa hiyo walikuwa wakifagia, maana kazi yao ilikuwa imekwisha.

Saa mbili, milango ilipofunguliwa, tuliingia Van Mieu, Hekalu la Elimu, lililoanzishwa mwaka 1070. Miaka sita baadaye ikaanza shule ya watoto wa wakubwa, na mahali hapo huhesabiwa kuwa chuo kikuu cha kwanza cha nchi. Kuna mawe 82, kila moja juu ya mgongo wa kobe wa mawe, yenye majina ya waliofaulu mitihani ya mfalme. Zamani wanafunzi waliwapapasa kobe vichwani kuomba bahati kabla ya mtihani, hata ikabidi kuzungushiwa uzio.

Mitihani ile ilikuwa ya wanaume peke yao. Vietnam haikuwasahau wanawake kabisa: barabara kubwa ya mji huo inaitwa Hai Ba Trung, kwa ajili ya dada wawili walioongoza vita dhidi ya watawala wa Kichina mwaka 40. Lakini mama aliyepika na kulima ili mwanawe asome, jina lake halimo kwenye jiwe. Kobe amebeba jiwe la mtoto. Aliyembeba mtoto hakuandikwa.

Wamama, sisi hatuna mawe ya kuchonga. Tuna siku ya proklamasyo. Tumekubaliana na wenzetu shuleni kwamba mwaka huu, mtoto akiitwa mbele, tutasoma jina lake, halafu jina la mlezi aliyemsomesha, awe mama, shangazi au nyanya. Vikundi vyenu vinaweza kuomba hivyo kwenye shule za watoto wenu. Haigharimu hata franka moja. Na siku hiyo, mama wa magunia, usisimame nyuma ya ukuta. Njoo mbele, tukuone.