Nani Huona Mambo Yalivyofungamana?

Ndugu wanachama, uchaguzi wa kamati umekaribia, nasi tumeulizwa: mtu anayeona jinsi jambo moja linavyovuta jingine hujulikanaje? Wengi hudhani hujulikana kwa elimu yake. Sivyo.

Mwaka 2000, Linda Booth Sweeney na John Sterman walitoa habari za jinsi walivyowapima wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, kwa swali la birika. Maji yaingia kwa bomba na kutoka kwa tundu. Je, yanayoingia yakipungua, maji birikani yapungua? Wengi wa wasomi hao walikosea. Kwani yakiingia lita 100, kisha 80, na yanayotoka ni 50, birika lazidi kujaa, ila polepole.

Tutwae mfano wa mbali, asije mtu akadhani twamsema yeye. Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mwulize mkaazi wa Mwanga, mjini Kigoma, kulikuwa na haja gani. Mmoja atasema, "Wangepunguza mitumbwi kidogo tu, dagaa wangeongezeka." Huyo ametazama tundu peke yake. Wanaovuliwa wakiwa bado wengi kuliko wanaozaliwa, dagaa watazidi kupungua.

Mwingine atauliza dagaa wanakula nini. Chakula chao chategemea rutuba iliyo chini ziwani, nayo hupandishwa na pepo za kusini zinazovuruga maji wakati wa kiangazi. Uchunguzi uliotangazwa 2003 ulionyesha kuwa ziwa limezidi joto, hivyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Kisha atauliza: siku ya kufungua, mitumbwi yote ikiingia pamoja na bei ikaanguka sokoni Mwanga, mvuvi hatazidisha kuvua ili apate fedha ileile? Mawazo yake yamezunguka yakarudi kwenye tundu. Hiyo ndiyo alama tunayoitafuta. Na yule asemaye, "Miezi mitatu tutakula nini?" msimcheke, mpango unaomsahau yeye utavunjwa kwa siri.

Sasa twende mashambani kwetu. Bei ya karafuu ikipanda, sote tukapanda miche, itakuwaje baada ya miaka 6 au 7 ianzapo kuzaa? Na mchumaji avunjaye matawi kwa haraka, hasara yake ni ya msimu gani?

Jaribuni na hili. Shamba lilipandwa miche 30 mwaka jana na 25 mwaka huu. Kila mwaka mikarafuu 20 hufa. Je, miti imeongezeka au imepungua? Waulizeni wanaoomba kura zenu, na majibu yao yaleteni ofisini kabla ya mkutano.